Uhakiki: Baina ya Hakika na Haki

Mwanafunzi wa Kiswahili asikiapo neno uhakiki, fikira zake huelekea moja kwa moja kwenye riwaya, tamthilia na ushairi. Hata hivyo, neno lenyewe lina ukoo mpana. Uhakiki, hakika na haki ni maneno yaliyochipuka kutoka kwa mzizi mmoja wa Kiarabu. Ahakikiye hutafuta ukweli wa jambo, na vilevile hulipa jambo hilo stahiki yake. Udugu huu wa maneno unadhihirika katika uwanja ambao wanafasihi hawauzuru mara nyingi: uhakiki wa ripoti za kisayansi kuhusu gesijoto.

Ripoti mashuhuri zaidi za aina hii hutolewa na Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, maarufu kwa herufi IPCC. Jopo hilo liliasisiwa mwaka wa 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi. Jopo halifanyi utafiti mpya; hutathmini ule uliokwisha kuchapishwa. Kundi lake la tatu ndilo lishughulikialo sera za kupunguza gesijoto katika nishati, usafiri, misitu na viwanda. Rasimu ya kwanza husomwa na wataalamu. Ya pili husomwa na wataalamu pamoja na serikali. Kila oni sharti lijibiwe kwa maandishi, hata lile linalokataliwa, na hatimaye maoni na majibu yote hutolewa hadharani. Ripoti ya kundi hilo ya Aprili 2022 iliandikwa na waandishi 278 kutoka nchi 65, nayo ilipokea maoni 59,212. Ni mwandishi gani wa riwaya aliyewahi kujibu maswali kiasi hicho kabla ya kitabu chake kwenda mtamboni?

Hata hivyo, chekeche bora nalo hupitisha makapi. Mwaka wa 2007, ripoti ya kundi la pili, linaloangazia athari za mabadiliko ya tabianchi, ilidai kwamba barafu ya milima ya Himalaya ingeweza kutoweka kufikia mwaka wa 2035. Dai hilo halikuwa na msingi katika utafiti uliohakikiwa. Lilidondolewa kutoka kwa ripoti ya shirika la uhifadhi. Januari 2010 jopo lilikiri kosa na kusikitika. Kosa lilikuwa la aya moja katika kitabu cha kurasa zaidi ya 900, lakini wapinzani walilitumia kuutilia shaka utafiti mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kamati huru iliyoongozwa na Harold Shapiro ilichunguza taratibu za jopo, na Agosti mwaka huo ikapendekeza wahariri wa uhakiki wapewe nguvu zaidi ili maoni ya wahakiki yasipuuzwe.

Hiyo ni hakika. Je, haki? Baada ya wataalamu kumaliza kazi yao, muhtasari wa watunga sera huidhinishwa na serikali mstari kwa mstari. Aprili 2014, mjini Berlin, waandishi wa kundi la tatu waliwasilisha michoro iliyoonyesha utoaji wa gesijoto kwa kuyagawa mataifa kulingana na vipato vyao. Wajumbe hawakuafikiana. Kulikuwa na hofu kwamba taifa likiwekwa katika tabaka fulani leo, kesho litadaiwa wajibu wa tabaka hilo. Michoro ikaondolewa kwenye muhtasari, ijapokuwa habari hizo zilisalia katika ripoti kuu. Aghalabu waziri husoma muhtasari. Ripoti kuu husomwa na wachache.

Ni dhahiri, basi, kwamba swali la nani anayesoma rasimu si dogo. Afrika hutoa yapata asilimia 4 tu ya hewa ya kaboni itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Licha ya hayo, waandishi na wahakiki kutoka nchi zinazoendelea wamekuwa wachache wakilinganishwa na wenzao wa nchi tajiri. Sentensi inayosema kwamba maeneo mapana ya nyika yanaweza kupandwa miti ili kufyonza kaboni yaweza kuwa sahihi kwa hesabu. Hata hivyo, mhakiki anayewafahamu wafugaji wa Marsabit atauliza: nyika hiyo inalisha mifugo wa nani? Swali hilo halipingi sayansi, linaikamilisha.

Julai 2023 jopo lilikutana Nairobi na kumchagua Jim Skea wa Uingereza, aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa kundi la tatu, kuwa mwenyekiti wake. Kuandaa mkutano ni heshima, lakini ukumbi haujibu rasimu. Mlango wa uhakiki u wazi: mtaalamu hujisajili mwenyewe kwa kutaja uwanja wake wa ujuzi, na watafiti chipukizi wa nchi mbalimbali wamewahi kuhakiki rasimu kwa vikundi. Vyuo vikuu vyetu vina wanasayansi, wanauchumi na wanasheria wa kutosha kuingia mlango huo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na bara lisilouliza rasimu ingali mezani litapokea majibu ya maswali ya wengine.