Mchezaji Msafiri

Nyumbu wa Serengeti hawana kiapo na bonde lolote. Majani yakikauka kusini huondoka, na ifikapo Julai au Agosti huwa kwenye kingo za Mto Mara, ambako mamba huwangoja. Wengi huvuka, baadhi huangamia. Na mvua zikirudi, nao hurudi kusini kuzaa. Wakazi wa Tarime na Mugumu huuona mwendo huu kila mwaka wala hawawaiti nyumbu wasaliti, maana mfugaji ajua kuwa aishiye kwa malisho hana budi kuyafuata. Lakini mtu akiishi kwa mguu wake, akahama klabu hii kwenda ile, hukumu huwa nyepesi: huitwa asiyetulia, au mpenda fedha.

Katika Tanzania hakuna aliyesafiri na mpira kwa sifa kubwa kuliko Mbwana Samatta. Hakuzaliwa Mara, alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. Hata hivyo, katika viwanja vya vumbi vya Tarime, kama katika viwanja vya nchi nzima, kijana achezaye mbele hupimwa kwa kipimo chake. Kwa hiyo ni haki kipimo chenyewe kikaguliwe.

Safari yake haikuanza Ulaya. Kutoka African Lyon alikwenda Simba, na mwaka 2011, Simba ilipofungwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, washindi walimtamani kijana wa upande ulioshindwa, wakamchukua. Alikaa Kongo karibu miaka 5. Mwenye haraka angaliiona Lubumbashi kuwa kituo cha kupitia. Yeye aliifanya chuo. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika mbele ya USM Alger, naye akafunga katika michezo yote miwili ya fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wachezao ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ilipomwita. Na mwaka 2019 klabu hiyo ilikuwa bingwa wa nchi, naye amefunga mabao 23 katika ligi.

Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza. Alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa ligi, dhidi ya Bournemouth. Akafunga tena Wembley, tarehe 1 Machi, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mara zote mbili timu yake ilishindwa kwa mabao 2 kwa 1. Baada ya michezo 14 ya ligi, na bao lile moja tu, Septemba ya mwaka uo huo alipelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo.

Neno hili lina uchungu wake. Maksai wa jirani huazimwa, hulima shamba la mwingine, kisha hurudishwa zizini. Hakuna amwulizaye kama alipenda. Mchezaji huulizwa na hutia sahihi, lakini moyo wake wajua kuwa aliyempa kwa mkopo hakumhitaji msimu ule. Samatta alikopeshwa tena kwa Antwerp, kisha kwa Genk, nyumba ile ile alikokuwa bingwa. Kurudi mahali pa utukufu wako ukiwa mtu wa kuazimwa ni mtihani ambao kiburi hakiushindi. Aliufanya kazi, akaendelea. Mwaka 2023 alikwenda PAOK ya Ugiriki, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa nchi hiyo. Mwaka 2025 alihamia Le Havre ya Ufaransa.

Je, mtu wa namna hii ana kwao? Jibu lilionekana mjini Cairo, tarehe 27 Juni 2019. Tanzania ilikuwa imerudi katika fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980, na ilikutana na Kenya. Mpaka wa nchi hizi mbili hupita Sirari, na Wakurya wako pande zote mbili, hata undugu wenyewe haujui ushangilie nani. Samatta, nahodha, alifunga bao moja. Michael Olunga wa Kenya, msafiri mwenzake aliyekwisha kucheza Sweden, China, Hispania na Japani, alifunga mawili, na Kenya ikashinda 3 kwa 2. Wasafiri wawili, walao mkate wa ugeni, waliitwa na nchi zao wakaitika.

Kijana wa Tarime ajifunze mambo mawili kwa maisha haya. Kwanza, njia ya mbali hupita karibu, na subira ya Lubumbashi ndiyo iliyofungua Ubelgiji. Pili, wachimbaji wa Nyamongo wajua kuwa mawe ni mengi na dhahabu ni kidogo. Kwa kila Samatta mmoja wamebaki maelfu wasiojulikana, na wengine waliuacha mpira bila kuwa na kazi nyingine mkononi. Basi achezaye asiitupe shule. Na atazamaye asihesabu klabu ambazo mtu amehama, bali aulize kama kila alipoajiriwa alifanya kazi kwa uaminifu, na kama alipoitwa nyumbani alirudi.