Rusimbi: Kula Mgebuka, Sikiliza Stori za Kuhama

Wewe na mwenzio mkifika Kigoma, kila mtu atawaelekeza Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Sawa, nendeni. Ila msiikose Rusimbi, moja ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji. Agizeni ugali na mgebuka wa kukaanga kwa mawese, halafu kaeni barazani msikilize.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alinisimulia jinsi wazazi wake walivyoikimbia Burundi mwaka 1972. Maharage waliyaacha jikoni, wakijua wiki haitaisha kabla hawajarudi. Hawakurudi, wote wawili wamezikwa Tanzania.

Stori kama hiyo huku si moja. Warundi walikuja tena 1993, Wakongo 1996. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni chenye milima mgongoni. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli kongwe ya enzi za Mjerumani, ikawa inabeba watu kama 600 kwa safari hadi Kigoma. Walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapanda mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu.

Nikamwambia mama kuhusu Pripyat, mji wa Ukraine uliokuwa jirani na kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Kinu kililipuka Aprili 26, 1986. Kesho yake wakazi kama 49,000 walipakiwa kwenye mabasi, wakaambiwa wabebe vitu vya siku tatu tu. Mpaka leo mji ni mahame. Kule hakukuwa na risasi, bali mionzi isiyoonekana wala kunusika. Mama akatikisa kichwa: kumbe na Wazungu waliambiwa siku tatu!

Jamani, hakuna anayehama akijua anahama moja kwa moja. Ndiyo maana wapendanao wanapotezana njiani: mmoja yuko kazini, mwingine sokoni, simu haishiki.

Basi mkiwa kwenye hiyo safari, ongeeni mambo matatu. Vyeti vyote vikae mfuko mmoja. Kila mmoja aijue namba ya mwenzake kwa kichwa. Na mkubaliane mahali pa kukutana, pamoja na nani atawachukua watoto. Si uchuro, ni mapenzi yenye akili. Mkimaliza, nunueni dagaa wa kupeleka nyumbani.