Difu ya Mashindano na Difu ya Nyumbani

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Usemi huo hutajwa sana barazani lakini ni nadra kusikika gereji, ingawa huko ndiko unakostahili zaidi. Gari moja haliwezi kuwa la mashindano siku ya Jumapili na la kupeleka watoto shule siku ya Jumatatu bila ya kazi moja kuionea nyingine. Na kifaa kinachoudhihirisha ukweli huo ni difu, lile tumbo la chuma linalopokea nguvu za injini na kuzigawa kwa magurudumu mawili.

Suala hilo liliingia katika nyumba moja ya Kiyovu, mtaa wa kale wenye miti mingi katikati ya mji wa Kigali. Kigali ni mji wa vilima. Barabara zake kuu ni za lami, na nyingi za pembeni zimetandikwa mawe. Mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, mawe hayo huteleza kama yaliyopakwa sabuni, na udongo mwekundu uliochukuliwa na maji huyafanya yateleze zaidi.

Bwana wa nyumba hiyo ni mpenzi wa mbio za magari. Mashindano ya Mountain Gorilla Rally, ambayo Rwanda huyaandaa katika mfululizo wa ubingwa wa Afrika, hayampiti. Husimama katika vumbi la Bugesera tangu asubuhi mpaka wa mwisho apite. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiweka akiba ili saluni yake ya Kijapani, inayosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, itiwe difu yenye kubana, naye ajaribu bahati yake katika mashindano madogo. Gari hilo ni moja tu nyumbani. Siku za kazi huliendesha mkewe, na watoto watatu huketi nyuma.

KAZI YA DIFU

Ili msomaji auelewe mgogoro huo, hana budi kwanza kuielewa kazi ya difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa pamoja bila ya nafasi, moja lingeburuzwa na tairi lingelika upesi. Difu huyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti.

Lakini wema huo una kasoro yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Gurudumu moja likikanyaga tope na kukosa mshiko, lile lililo pakavu nalo halipati zaidi ya kile kidogo kinachopokewa na mwenzake. Ndiyo maana gari hukwama huku gurudumu moja likizunguka bure na jingine likitulia kama mgeni. Katika miaka ya 1930, wahandisi wa Ujerumani walilazimika kuitafutia dawa kasoro hiyo kwa ajili ya magari ya mbio ya Auto Union, yaliyokuwa na nguvu za kuzungusha gurudumu bure hata kwa mwendo mkali. Dawa yenyewe ni difu yenye kubana: huyaacha magurudumu yatofautiane kwa kiasi fulani, kisha huyazuia.

AINA ZAKE

Fundi wa gereji moja alimweleza bwana huyo kwamba aina zinazofaa kufikiriwa ni tatu.

Ya kwanza ni ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba za chuma zinazobanwa pamoja kama klachi. Hubana kwa nguvu, tena fundi anaweza kuzipanga apendavyo: zibane pale tu dereva anapokanyaga mafuta, au zibane pia anapoachia. Madereva wengi wa mashindano huipenda hii. Lakini sahani huisha, hudai oili ya namna yake, na oili hiyo ikikosewa hunguruma katika kila kona ya polepole. Baada ya muda hufunguliwa na kutengenezwa upya.

Ya pili ni ya meno matupu, ambayo mojawapo yake hujulikana kwa jina la Torsen. Haina sahani za kuisha. Meno yake hukazana yenyewe nguvu zinapozidi, na hulipelekea gurudumu lenye mshiko sehemu kubwa zaidi. Hufanya kazi kwa upole kiasi kwamba dereva asiyeambiwa huenda asijue kuwa imo. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu moja likiinuka kabisa hewani, msaada wake hupungua sana.

Ya tatu hutumia majimaji mazito ambayo hugeuka kizuizi gurudumu moja linapolikimbia jingine. Ni ya upole pia, lakini huchelewa kushika, na ikizeeka huchoka bila ya kutoa taarifa.

Wako pia mafundi wanaochomelea difu ya kawaida ikawa kipande kimoja kwa gharama ndogo. Jambo hilo halifai kwa gari la barabarani. Kwenye lami gari hukataa kona, matairi huliwa, na ekseli huweza kukatika.

SWALI LA MAMA WATOTO

Bwana alikuwa amekwisha amua: sahani, tena zinazobana pande zote mbili. Alitoa ushahidi wa Safari Rally, mashindano yaliyoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1953. Je, Toyota Celica, iliyosukumwa kwa magurudumu ya nyuma tu, haikushinda miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, mbele ya magari yaliyosukumwa kwa magurudumu yote manne?

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Baba watoto, hao washindi walikuwa na mafundi wangapi njiani?”

Swali lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Nyuma ya kila gari la kampuni katika Safari lilikuwapo kundi la mafundi wenye vipuri na vifaa, wakingoja katika vituo. Difu yao iliwajibika kudumu mpaka kituo kijacho. Ya mama watoto yapaswa kudumu mpaka mwisho wa mwaka.

Akaongeza la pili: “Na mvua ikinyesha, nani hushuka nalo mlimani?”

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Difu inayobana hata dereva anapoachia mafuta hulifanya gari litake kwenda moja kwa moja. Dereva wa mashindano huijua tabia hiyo na kuitumia. Lakini mtu anayeteremka juu ya mawe yaliyolowa, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, huweza kukata usukani na kukuta pua ya gari inachelewa kugeuka. Na akikanyaga mafuta kwa pupa katika kona yenye utelezi, magurudumu yote mawili ya nyuma huweza kuteleza kwa pamoja, mkia ukampita. Difu ya kawaida humkwamisha mtu. Difu kali humtupa.

Fundi alipoulizwa hakuficha. “Mzee,” alisema, “difu ya sahani ni kama mbwa mkali. Hufaa, lakini lazima ajulikane na kila anayeingia nyumbani.”

Bwana hakufurahi siku hiyo. Alijua kwamba difu ya upole haitampa kile alichokiona Bugesera, na kwamba msimu huo utapita akiwa mtazamaji tena. Hata hivyo alikubali ya meno, na fedha zilizosalia zikanunua matairi manne mapya. Sahani zitangoja mpaka litakapopatikana gari jingine, lisilo na viti vya watoto.

YA KUZINGATIA

Mwenye kuwaza difu yenye kubana na aanze na matairi, kwani hakuna difu iwezayo kuumba mshiko pasipokuwa na mshiko. Matairi mawili ya ekseli hiyo yawe ya kipimo kimoja na yaliyolika sawa, la sivyo difu itafanya kazi bila ya kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka. Oili iwe ile iliyoagizwa na mtengenezaji.

Na jambo moja lisisahauliwe na yeyote katika nyumba: gari lenye difu ya namna hii, likiwa limeinuliwa kwa jeki gurudumu moja tu la ekseli hiyo, kamwe lisiwashwe na kutiwa gia. Gurudumu lililobaki chini litapokea nguvu, na gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Mengine yote ni hesabu ya fedha na mapenzi ya mtu. Lakini kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, ni busara kuuliza usukani utakuwa mikononi mwa nani siku ya mvua.