Ua wa Farasi na Miiba ya Seng'enge

Farasi wakitajwa jijini Nairobi, wengi wetu hufikiria uwanja wa mashindano ulio kando ya Barabara ya Ngong. Ni wachache wanaofahamu kwamba kule Karen na Lang'ata farasi huishi mwaka mzima, na kwamba masika yaingiapo, kati ya Machi na Mei, ua wao huweza kuwaponya au kuwaua.

Mjomba wangu ni fundi wa nyua hizo. Wakati wa likizo huabiri matatu katikati ya jiji, vitabu vya tasnifu mkobani, nikaenda kumsaidia kuchimba mashimo.

Kazi hiyo ina hekima yake. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ardhi huvimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na nguzo isiyofukiwa barabara huinama. Kwa hiyo mjomba huzika theluthi ya nguzo kabla ya mvua kuanza. Lango huliweka penye mwinuko na kulimwagia kokoto, kwani farasi hukusanyika hapo wakingojea lishe, na tope lisilokauka huozesha kwato. Mbao huzipigilia upande wa ndani, ili farasi akiegemea, uzito wake uukaze ubao kwenye nguzo badala ya kuung'oa.

Jambo moja halikubali katu: seng'enge. Radi ipigapo usiku, farasi hutimka bila kutazama mbele, na waya wa miiba huweza kumchana hadi mfupani. Msimu mmoja mwenye shamba alishikilia kwamba atumie seng'enge kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mjomba alikunja kamba yake ya kupimia akaenda zake, ijapokuwa karo ya bintiye ilikuwa haijalipwa.

Nilipomsimulia nyanya kisa hicho, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kumbe farasi huonewa huruma."

Mnamo Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini Nairobi. Walipelekwa Lang'ata kuchujwa, wakazungukwa na seng'enge, na wengi wakaishia katika kambi za Manyani na Mackinnon Road. Baba yake nyanya alikuwa miongoni mwao. Mjomba ni mwana wa nyanya. Hajapata kuniambia kwamba mambo haya mawili yanahusiana, nami sijamuuliza.

Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa fasihi hupenda kuufanya ua kuwa ishara, tukatosheka na maana ya kamusi kwamba seng'enge ni waya wenye miiba. Maana hiyo ni sahihi, ila ni fupi mno. Iliyobaki anayo fundi aliyeacha ujira wake Karen, na ajuza ambaye hadi leo hapiti karibu na waya huo bila kukusanya kanga yake.