Kama Iko Mahali Pamoja, Hesabu Hauna

Wasee, leo sina utani mwingi.

Mwaka jana stima ilipotea kwetu, kurudi ikarudi na nguvu mbaya. Laptopu ilikuwa kwa soketi. Ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Fundi aliifungua, akaitazama, akaniambia, "Boss, diski imeenda na mambo yako yote."

Video za kazi hazikuniuma sana, nyingi zilikuwa tayari mtandaoni. Kilichoniuma ni Shosho. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, ni yeye pekee ambaye hakuniuliza nitakula nini. Alisema, "Basi kuja unirekodi mimi." Nilikaa kwake wiki mbili, nikamrekodi akisimulia vile alilea watoto saba kwa kuuza mboga. Akafariki kabla sijahariri hata moja. Zote zilikuwa kwa hiyo laptopu.

Najua utasema, "Kwani hukuwa na flashi?" Nilikuwa nayo. Imejaa sinema.

Na usidhani ni sisi wa bedsita tu. Mwaka 1998 kule Pixar, Marekani, mtu aliandika amri moja ya kufuta na sehemu kubwa ya Toy Story 2 ikaanza kupotea. Wakakimbilia nakala za akiba, kumbe nazo zilikuwa na shida. Kilichowaokoa ni kompyuta ya Galyn Susman, aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani. Kampuni nzima ikaokolewa na mashine iliyokuwa nyumbani kwa mtu!

Kuna kanuni inaitwa 3-2-1: nakala tatu, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Mimi sasa nafanya hivi. Kila Jumapili jioni nachomeka diski ya nje, nanakili, halafu NAICHOMOA. Ukiiacha kwa laptopu, stima ikija vibaya zinaenda pamoja. Na usiiweke kwa begi moja na laptopu, mwizi hatakuchagulia.

Nakala ya mbali? Google inakupa GB 15 bure, lakini video zitaimaliza haraka, na bando si bure. Kwa hivyo huko naweka sauti, picha na hati. Video ziko kwa diski ya pili, kwa dada yangu Nakuru. Tukienda ushago tunabadilishana.

Mambo mawili zaidi. Picha za simu kujipeleka zenyewe kwa wingu si akiba kamili, kwa sababu ukifuta kwa simu, mara nyingi na huko zinafutika. Pili, usiamini nakala ambayo hujawahi kufungua. Fungua faili moja uone kama inacheza. Pixar walijifunza hilo vibaya.

Na Shosho? Imebaki video moja. Sekunde 40, nilikuwa nimemtumia Mathe kwa WhatsApp. Picha imefifia kiasi, lakini sauti iko sawa. Anacheka, ananiambia nishike simu vizuri. Leo hiyo video iko mahali patatu.

Sasa wewe, fikiria faili moja ambayo ikipotea utalia. Si zote, moja tu. Kabla ulale leo, inakili mahali pengine. Zingine tutaongea kesho.