Paka Si Najisi, Lakini Choa Huambukiza

Mama mmoja wa hapa Kakuyuni ametuuliza: paka wake ameshikwa na choa, na mtoto alalaye naye mkekani ametokwa na duara kichwani, je, mkeka uoshwe mara saba? La, hiyo ni hukumu ya mbwa. Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akasimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa paka si najisi. Swala juu ya mkeka ule yasihi.

Lakini tohara ni jambo moja na maradhi ni jingine. Choa ni kuvu, na mbegu zake hushikamana na manyoya yaliyopukutika, zikaishi hata zaidi ya mwaka. Basi manyoya yaondolewe kwanza kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio huyarusha. Matandiko yafuliwe kwa sabuni mara mbili. Mbao za kitanda zisuguliwe kwa sabuni, zisuuzwe, ndipo zipakwe maji ya klorini. Jua letu ni kali, ila peke yake halitoshi. Mkeka uliochakaa heri uchomwe. Ukili haujaisha Kakuyuni.

Paka naye atibiwe, asitupwe njiani. Na mtoto apelekwe zahanati, kwani choa cha kichwani hakiponi kwa mafuta ya kupaka pekee. Hutaka dawa ya kumeza, kwa wiki kadhaa.