Mcheza Kwao Hutuzwa

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Msomaji mpenzi, methali hii tumeiimba tangu shule ya msingi na kuitia kwenye insha hata ikachakaa. Mimi nimeielewa mwaka huu tu, na walionielewesha ni watu wa mbali: Wapolandi, Warusi na Wakameruni. Tena wamenielewesha kupitia michezo ya tarakilishi, ile ambayo wazazi wengi husema inaharibu ubongo. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Kwetu nyumbani jambo hili lilileta kasheshe. Kaka yangu mkubwa ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, naye anataka kusomea utengenezaji wa michezo ya kompyuta. Mzee anataka asomee uhasibu. "Mchezo ni mchezo," Mzee alisema mezani, "na kazi ni kazi. Hiyo michezo ni ya Wajapani na Wamarekani. Wewe mtoto wa Mwingi utawauzia nini?" Kaka hakujibu. Likizo ya Agosti akaniita chumbani kwake, akafungua kompyuta yake ya mtumba, akaniambia, "Keti hapa, mdogo wangu, nikuonyeshe."

Mchezo wa kwanza unaitwa This War of Mine. Ulitengenezwa Warsaw, mji mkuu wa Poland, na kampuni ya 11 bit studios, ukatoka mwaka wa 2014. Nilitarajia bunduki na mabomu. Lo! Nilipigwa na butwaa. Humo huchezi kama askari. Unawaongoza raia wa kawaida waliojibanza katika nyumba iliyobomoka huku mji wao umezingirwa. Mchana hawathubutu kutoka, watapigwa risasi. Usiku mmoja wao hunyemelea gizani kutafuta chakula, dawa na kuni. Njaa ipo, baridi ipo, ugonjwa upo.

Usiku mmoja tuliingia nyumba ya wazee wawili, mke na mume. Chakula walikuwa nacho, nguvu ya kukizuia hawakuwa nayo. Ukiwaibia, mchezo haukuadhibu kwa kukunyima alama. Wenzako nyumbani ndio huingiwa na simanzi, wakakata tamaa ya kuishi. Kaka aliinua mkono kutoka kwenye kibodi, akaniuliza, "Tuchukue?" Sikuweza kusema neno. Tukatoka mikono mitupu, na mgonjwa wetu akalala njaa. Siku hiyo hata chai ya jioni haikunipita kooni.

Watengenezaji wa mchezo huo walichota mengi katika masaibu ya watu wa Sarajevo, mji wa Bosnia uliozingirwa tangu Aprili 1992 hadi Februari 1996. Na Warsaw yenyewe si mgeni wa maafa, kwani Vita vya Pili vya Dunia viliuacha magofu matupu. Ndiyo maana mchezo wao hauna ushujaa wa sinema. Mwaka wa 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuwa mchezo huu ungeingizwa katika orodha ya kazi za hiari wanazopendekezewa wanafunzi wa shule za sekondari. Hebu fikiri, mchezo wa kompyuta kando ya vitabu vya fasihi!

Wa pili mnaujua. Ni Tetris, ule wa vipande vinavyoanguka nawe unavipanga kama fundi wa mawe. Wangapi wenu mnajua kwamba ulizaliwa Moscow mwaka wa 1984, katika ule uliokuwa Muungano wa Kisovieti? Aliyeubuni ni Alexey Pajitnov, mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hivyo vipande alivitengeneza kwa alama za maandishi. Kisha mmoja wa waliousaidia mchezo huo kuhamia kwenye kompyuta za IBM alikuwa Vadim Gerasimov, mwanafunzi wa miaka 16. Miaka 16, jamani! Rika la kidato chetu.

Kaka alimsimulia Mzee habari hizo kwa furaha. Mzee, ambaye huuliza maswali kama hakimu, akamtaka amweleze Pajitnov alilipwa lini. Ikabidi kaka aseme ukweli. Haki za mchezo zilikuwa mikononi mwa serikali, na mwenyewe alianza kupata mrabaha mwaka wa 1996. "Miaka kumi na miwili!" Mzee akacheka. "Na karo ya mdogo wako nitalipa kwa vipande vinavyoanguka?" Hapo sote tulinyamaza. Waama, hoja ya Mzee ina uzito, na nisingekuwa mkweli kama ningeificha.

Mchezo wa tatu ndio ulionigusa zaidi, kwa maana unatoka barani mwetu. Jina lake ni Aurion: Legacy of the Kori-Odan, nao ulitolewa mwaka wa 2016 na kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni. Kiongozi wake, Olivier Madiba, alianza kuuota akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Vijana hao walipambana na stima inayopotea ovyo, wakachangisha fedha hata kwa watu wasiowajua katika mtandao. Shujaa wao ni Enzo, mwana wa mfalme anayepinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa. Anafunga safari pamoja na mkewe, Erine, kukirudisha kiti chake, na nguvu zake zinatoka kwa mababu zake. Ukiutazama unasikia kama bibi anakutambia hadithi jikoni.

Hata sisi Wakenya hatukulala. Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, baadaye akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Mwaka wa 2015 ukatoka Nairobi X, ambao mitaa yake ni ya Nairobi yetu.

Sasa nirudi kwa methali. Hawa wote walicheza kwao. Mpolandi alicheza vita anavyovijua, Mkameruni akacheza ngano za mababu. Kaka naye ameanza kucheza kwetu. Mchezo wake mdogo ameuita Mtungi. Ni msichana na punda wake wakati wa kiangazi. Wanafukua mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, na kila alfajiri msichana huchagua: kisima cha karibu chenye foleni ndefu na kukosa shule, au cha mbali chenye njia mbaya. Picha zake bado ni mbovu, punda anafanana na mbuzi.

Jioni moja Mzee alisimama nyuma yetu akitazama. Yeye mwenyewe alichota maji hivyo utotoni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Punda hawezi kupanda kilima hicho na mitungi sita. Weka minne." Akavuta kiti. Akaeleza namna mchanga unavyofukuliwa, na kwa nini wa kwanza kufika hupata maji safi. Kaka aliandika kila neno.

Mzee hajakubali. Fomu ya uhasibu bado iko juu ya kabati. Lakini tangu siku hiyo hajasema tena kuwa mtoto wa Mwingi hana cha kuuza.

Wanachama wenzangu, kila mmoja wetu ana kwao. Kuna aliyekulia ufuoni akivua na babu, kuna aliyelala kibandani sokoni akilinda viazi vya mama. Je, wewe ungecheza nini?